William Byron na Ngazi ya Dereva wa NASCAR

William Byron alizaliwa Charlotte, jimbo la North Carolina, tarehe 29 Novemba 1997. Kwa mbio za magari za Marekani, Charlotte ndiyo nyumbani. Karakana za timu nyingi kubwa ziko mjini humo au katika miji ya jirani kama Concord na Mooresville, na jumba la kumbukumbu ya magwiji wa mchezo huo lilifunguliwa hapohapo mwaka 2010. Hata hivyo, nyumbani kwa akina Byron hapakuwa na dereva wala fundi wa magari ya mbio. Baba yake alikuwa mtu wa shughuli za fedha. Hilo si jambo dogo, kwa sababu huu ni mchezo wa koo. Richard Petty alifuata nyayo za baba yake, Lee. Dale Earnhardt alikuwa mtoto wa dereva na baba wa dereva. Chase Elliott ni mtoto wa Bill Elliott, bingwa wa mwaka 1988. Watoto wa koo hizo hushika usukani wakiwa bado shule ya msingi. Byron aliingia ndani ya gari la mbio mwaka 2012, akiwa kijana tayari, na miaka sita tu baadaye alikuwa akiendesha moja ya magari mashuhuri zaidi nchini mwake.

Kupanda kwa kasi namna hiyo hakukutokana na miujiza. Ukifuatilia maisha yake ya kazi hatua kwa hatua, utaona vizuri jinsi dereva wa kulipwa wa zama hizi anavyopatikana: kwa mazoezi mengi yasiyoonwa na mtu, kwa fedha za watu wengine, na kwa kazi ya mafundi ambao majina yao hayaandikwi kwenye kombe.

Mchezo na gari lake

NASCAR, chama kinachosimamia mbio hizo, kilianzishwa na Bill France huko Daytona Beach, Florida, mwaka 1948. Mizizi yake inakwenda nyuma zaidi, kwa wasafirisha pombe haramu wa milima ya kusini mwa Marekani ambao katika miaka ya marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, walitengeneza magari ya kawaida yaweze kuwakimbia polisi usiku. Siku za mapumziko walishindana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana hadi leo gari la mchezo huu lina sura ya gari la dukani. Chevrolet, Ford na Toyota ndizo kampuni zinazoshindana katika daraja la juu.

Sura ndiyo inayofanana. Ndani ni kitu kingine kabisa. Gari la sasa, lililoanza kutumika mwaka 2022, lina injini ya silinda nane, ambayo hadi mwaka 2025 ilikuwa na nguvu ya farasi 670 hivi katika viwanja vingi, na uzito wa kilo 1,450 hivi kabla dereva hajaingia. Milango haifunguki: dereva hupita dirishani, na dirisha hufungwa kwa wavu. Joto la ndani huweza kupita nyuzi 50. Dereva hana kioo cha kumwonyesha kila kitu kilicho pembeni, kwa hiyo msaidizi wake hukaa juu kabisa ya jukwaa la watazamaji na kumweleza kwa redio nani yuko kushoto, nani kulia, na ajali imetokea wapi.

Tofauti na rali, ambako gari hupambana na saa likiwa peke yake porini, hapa magari yapatayo 40 huondoka pamoja na kubanana kwa saa tatu au zaidi. Viwanja navyo havifanani hata kidogo. Martinsville, Virginia, mzunguko wake haufiki mita 900, na breki hupata moto mpaka kuwa nyekundu. Daytona mzunguko ni kilomita nne, kona zake zimeinuliwa kwa nyuzi 31, na magari hukimbia karibu kilomita 300 kwa saa huku bampa zikigusana, kwa kuwa gari lililo nyuma ya jingine hukuta upepo umeshapasuliwa na hivyo huenda kwa wepesi zaidi. Msimu wa daraja la juu, linaloitwa Cup, una mbio 36 za kugombea pointi, kuanzia Februari hadi Novemba. Hakuna mchezo mwingine mkubwa wa magari unaomtaka dereva awe kazini wiki nyingi hivyo kwa mwaka.

Shule ya kompyuta

Byron alikuwa shabiki wa Jimmie Johnson, bingwa mara saba. Alipotaka kujaribu mwenyewe, alianza na iRacing, programu ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2008. Programu hiyo si mchezo wa kupitishia muda. Viwanja vyake vimepimwa kwa mwale wa leza, kila bonde dogo la lami limo, na mchezaji huketi mbele ya usukani na pedali za kweli akishindana kwa intaneti na watu wa nchi mbalimbali. Byron alishinda zaidi ya mbio 100 za namna hiyo kabla wakuu wa timu hawajalijua jina lake.

Kompyuta ilimfundisha nini? Ilimfundisha njia ya kupita katika kila kiwanja, mahali pa kuachia mafuta na mahali pa kukanyaga breki, namna ya kutunza tairi, na subira ya kukaa nyuma ya mpinzani mizunguko kumi ukisubiri akosee. Ilimfundisha pia kushindwa mara nyingi bila gharama. Kijana wa kawaida anayejifunzia katika gari la kweli hulipa kila kosa kwa bampa, ekseli na muda wa mafundi. Wa kompyuta hubonyeza kitufe akaanza upya. Lakini kuna mambo ambayo kiti cha nyumbani hakiwezi kuyafundisha. Dereva wa mbio husikia gari kwa kiuno na mgongo. Nyuma ya gari ikianza kuteleza, mwili hujua kabla ya macho, na kompyuta haina mwili. Haina joto wala woga, na haina kelele ya ukuta unaopita kwa umbali wa kiganja.

Hata hivyo, wako wanaosema Byron alitoka kwenye mchezo wa kompyuta moja kwa moja hadi Daytona. Kauli hiyo inavutia, ila inaruka miaka sita ya kazi.

Ngazi za chini

Ngazi ya kwanza ilikuwa magari madogo yaitwayo Legends. Yana umbo la magari ya miaka ya 1930 na 1940 yaliyopunguzwa ukubwa, na yanaendeshwa kwa injini ya pikipiki. Ni mepesi, hayana msaada wowote wa kielektroniki, na huteleza upesi mno. Kwa maoni yangu hakuna shule bora kuliko hiyo, kwa sababu kosa dogo la mguu huonekana papo hapo. Byron alishinda mfululizo, na mwaka 2014 akachukuliwa na JR Motorsports, timu ya Dale Earnhardt mdogo, kuendesha magari makubwa zaidi katika viwanja vya mikoani. Mwaka 2015 alihamia mbio za kanda ya mashariki zilizoitwa K&N Pro Series East, akashinda nne na kuwa bingwa.

Hapa ndipo lazima tuzungumzie fedha, maana bila fedha maelezo ya mchezo huu huwa nusu. Msimu mmoja katika madaraja ya kitaifa hugharimu mamilioni ya dola: injini, tairi, usafiri, mishahara ya mafundi. Timu nyingi humtaka kijana aje na mdhamini. Mwenye kipaji asiye na mdhamini hubaki kwenye uwanja wa wilaya yake akishinda kila Jumamosi bila kuonwa na mtu. Byron alitoka katika familia yenye uwezo wa kumsaidia hatua za mwanzo, kisha akapata udhamini wa Chuo Kikuu cha Liberty cha Lynchburg, Virginia. Chuo hicho kilibaki naye ngazi hadi ngazi, naye akawa mwanafunzi wake kwa njia ya mtandao. Kusema hivyo hakupunguzi kipaji chake. Kunaeleza tu kwa nini kipaji hicho hakikupotea njiani, kama vinavyopotea vingi.

NASCAR ina madaraja matatu ya kitaifa. La chini ni la magari ya aina ya pikapu, na huko mwenye miaka 16 anaweza kushindana katika viwanja vifupi, ila viwanja vikubwa ni hadi afikishe 18. La kati kwa miaka mingi liliitwa Xfinity, na juu kabisa ni Cup. Byron alitumia mwaka mmoja tu katika kila daraja la chini. Mwaka 2016 aliendesha pikapu ya Kyle Busch Motorsports, mkuu wa mafundi wake akiwa Rudy Fugle, jina ambalo tutalirudia. Alishinda mbio saba katika msimu wake wa kwanza, rekodi kwa dereva mgeni. Hakuna aliyekuwa na kasi kama yake mwaka ule, na bado hakuwa bingwa. Katika mbio za Phoenix, Arizona, zilizoamua wagombea wanne wa fainali, alikuwa mbele mizunguko michache kabla ya mwisho injini ilipopasuka. Moshi ulitoka, na matumaini ya ubingwa yakaishia hapo. Wiki moja baadaye alishinda fainali ya Homestead, Florida, lakini nafasi ya kugombea ubingwa ilikuwa imeshakwenda kwa wengine.

Mwaka 2017 alirudi kwa Earnhardt katika daraja la Xfinity. Alishinda mbio nne, na safari hii bahati haikumkimbia: alichukua ubingwa kwa kumshinda mwenzake wa timu Elliott Sadler, mzoefu aliyekuwa na zaidi ya mara mbili ya umri wake. Hajatimiza hata miaka 20, tayari timu ya Hendrick Motorsports ilikuwa imetangaza kwamba itampa gari la Cup.

Namba 24

Gari alilopewa lilikuwa na namba 24. Kwa mpenzi wa mchezo huu namba hiyo ni ya Jeff Gordon, aliyeshinda nayo mbio 93 na ubingwa mara nne. Kumpa kijana wa miaka 20 gari hilo kulikuwa na heshima na mzigo kwa pamoja, na mwaka wa kwanza mzigo ndio ulioonekana. Msimu wa 2018 Byron alipata tuzo ya mgeni bora, lakini hakushinda mbio hata moja na alimaliza wa 23 katika pointi.

Sababu zinaeleweka. Katika madaraja ya chini alikuwa na magari bora kuliko wapinzani wengi. Katika Cup kila mtu ana gari zuri, na wapinzani wana miaka kumi au kumi na mitano ya kumbukumbu za kila uwanja. Dereva mgeni pia hajui kulieleza gari. Hilo ni somo la pekee: akiwa katikati ya kona, kwa mwendo wa kutisha, lazima ahisi kama mbele linakataa kugeuka au nyuma linatupa mkia, kisha amwambie mkuu wa mafundi kwa maneno machache redioni. Mkuu wa mafundi naye hubadilisha msukumo wa springi, upepo wa tairi au uzito wa upande mmoja, gari linapoingia kwa mafundi kwa sekunde zisizozidi kumi na kidogo. Mafundi watano huruka ukuta, hubadilisha tairi nne na kujaza mafuta katika muda huo. Dereva asiyeeleweka na fundi wake atakuwa na gari baya mchana kutwa, hata awe na mkono wa dhahabu.

Ndipo umuhimu wa watu unapoonekana. Mwaka 2019 alipewa Chad Knaus, mkuu wa mafundi aliyemwongoza Jimmie Johnson katika ubingwa wote saba. Knaus alikuwa mwalimu mkali wa nidhamu. Tarehe 29 Agosti 2020, kule Daytona, katika mbio za mwisho kabla ya mchujo wa kuwania ubingwa, Byron alishinda mbio zake za kwanza za Cup. Ushindi huo ulimwingiza kwenye mchujo. Usiku huohuo Johnson, shujaa wa utoto wake na mwenzake wa timu, alikumbwa na ajali na kubaki nje, katika mwaka wake wa mwisho wa kuendesha msimu mzima.

Mwaka huohuo wa corona, mbio zilipositishwa mwezi Machi, NASCAR iliwaita madereva wake washindane kwenye kompyuta, mbele ya televisheni ya taifa. Byron alishinda mara tatu: Bristol, Richmond na Dover. Wakongwe waliokuwa wakinunua usukani wa kompyuta kwa mara ya kwanza walikutana na mtu aliyekulia humo.

Knaus alipopanda cheo, Fugle wa enzi za pikapu akaajiriwa mwaka 2021. Walishinda Homestead mwezi Februari, katika mbio zao za tatu tu pamoja. Tangu hapo maendeleo hayakusimama, ingawa hayakukosa doa. Mwaka 2022 huko Texas, Byron alimgonga Denny Hamlin wakati wa bendera ya njano, ambapo magari hutakiwa kwenda polepole na kwa usalama. Alinyang'anywa pointi 25 na kutozwa dola 50,000. Baada ya rufaa pointi zilirudishwa na faini ikapandishwa hadi dola 100,000. Mwaka 2023 ulikuwa bora wake kwa idadi: ushindi mara sita, ukiwemo wa Texas ulioipa Hendrick Motorsports ushindi wa 300 katika Cup.

Daytona na Phoenix

Mbio za Daytona 500 ndizo kubwa kuliko zote katika mchezo huu, na hukimbiwa mwanzoni mwa msimu kwa umbali wa kilomita 800. Mwaka 2024 mvua ilizisogeza hadi Jumatatu, tarehe 19 Februari, miaka 40 kamili tangu timu ya Hendrick iliposhiriki mbio zake za kwanza. Byron alishinda, mwenzake Alex Bowman akiwa wa pili. Mwaka 2025 alishinda tena. Mzunguko wa mwisho alikuwa nyuma ya kundi la mbele. Waliokuwa mbele wakagongana, naye akapita juu, karibu na ukuta, akatokea wa kwanza. Watu walisema ni bahati. Bahati ilikuwepo, ila njia ile ya juu aliichagua yeye kwa chini ya sekunde moja, na waliokuwa karibu naye hawakuichagua. Kabla yake ni madereva wanne tu waliowahi kushinda Daytona 500 miaka miwili mfululizo: Petty, Cale Yarborough, Sterling Marlin na Hamlin. Tena hakuna aliyefikisha ushindi wa pili akiwa na umri mdogo kama wake.

Msimu huo wa 2025 alimaliza sehemu ya kwanza ya msimu akiwa mbele kwa pointi, kisha akashinda Martinsville alipokuwa hana njia nyingine ya kuingia fainali. Fainali ilikuwa Phoenix, palepale injini ilipomwangusha mwaka 2016. Ikiwa imebaki mizunguko mitatu, Hamlin alikuwa mbele akielekea kwenye ubingwa wa kwanza wa maisha yake, baada ya miaka 20 ya kuutafuta. Byron alikuwa nyuma yake. Tairi la Byron likapasuka, gari likagonga ukuta, bendera ya njano ikapepea, na mbio zikaanzishwa upya. Ubingwa ulikwenda kwa Kyle Larson, ambaye hakuwa ameongoza mzunguko hata mmoja siku hiyo. Baada ya mbio Byron alieleza kusikitika kwake kwamba gari lake ndilo lililoleta bendera ile. Alikuwa amepoteza kombe lake, na bado alimfikiria Hamlin. Hilo linamweleza mtu kuliko takwimu.

Wanaokuja nyuma

Mlango alioufungua Byron umepitiwa na wengine, na wa kuangaliwa zaidi ni Rajah Caruth. Alizaliwa Atlanta mwaka 2002 na kukulia Washington, akavutiwa na mbio kwa filamu ya katuni ya Cars, akajifunza kwa iRacing. Baadaye aliingia katika mpango wa NASCAR wa kuwalea vijana wa jamii zilizoachwa nyuma. Ngazi zake hazikuwa za mwaka mmojammoja. Alipanda akisomea usimamizi wa michezo ya magari katika Chuo Kikuu cha Winston-Salem State, huku akitafuta mdhamini mbio baada ya mbio. Tarehe 1 Machi 2024 alishinda mbio za pikapu huko Las Vegas, akawa Mmarekani Mweusi wa tatu kushinda katika madaraja ya kitaifa, baada ya Wendell Scott na Bubba Wallace. Scott alishinda Jacksonville tarehe 1 Desemba 1963, lakini kombe lilipewa mzungu aliyemaliza nyuma yake. Familia yake ilikabidhiwa kombe na NASCAR mwaka 2021 tu, miaka mingi baada ya yeye kufariki.

Ukiwaweka Byron na Caruth bega kwa bega utaona kompyuta imefanya nini na haijafanya nini. Imeshusha gharama ya kugundua kipaji. Gharama ya kukikuza iko palepale, na anayeweza kuipunguza ni NASCAR yenyewe, pamoja na timu na wadhamini wake. Mipango kama ule uliomlea Caruth inapaswa kupanuliwa, maana hadi sasa inawafikia wachache mno.

Hadi mwisho wa msimu wa 2025 Byron alikuwa na ushindi 16 katika Cup, Daytona 500 mbili, na hakuwa na ubingwa wa daraja hilo. Wako wanaomwona kama mtu aliyechelewa. Si kweli: Martin Truex mdogo aliupata akiwa na miaka 37, Kevin Harvick akiwa na 38, na Dale Jarrett akiwa na 42. Byron alitimiza 28 mwezi Novemba 2025, na mkataba wake na Hendrick Motorsports unafika mwaka 2029.